Mwongozo kamili wa kupumzika Takawiri na Mfangano, kutoka Kisumu ama Nakuru

Ukisema tu unataka kisiwa, mchanga na maji, watu wote wanakutajia Diani na Lamu, alafu unaanza kuhesabu nauli ya kwenda mpaka upande ule mwingine wa nchi na wewe uko Kondele ya Kisumu ama Section 58 ya Nakuru, ziwa liko upande wenu. Kenya ina kama asilimia 6 tu ya Ziwa Victoria lakini ndani ya hiyo asilimia 6 kuna visiwa ambavyo mgeni akishuka kwa boti watoto wanatoka kumwangalia, juu wageni si wengi. Huu mwongozo ni wa mtu anataka kulala, kula samaki na kuangalia maji, si wa kupiga picha mia na kurudi jioni. Na kitu kimoja nitarudia mpaka uchoke: kule saa inawekwa na ziwa, upepo, mwezi na mvua, si simu yako. Ukikubali hiyo kabla ya kutoka nyumbani utapumzika, ukikataa utakaa ufuoni ukigombana na mwenye boti.

Kwanza, chagua kisiwa chenyewe

Si kila kisiwa ni cha kupumzika. Migingo kila mtu ameiona kwa picha, mabati yamebanana juu ya jiwe, hapo ni kazi ya samaki na ule mvutano wetu na Uganda, wacha. Remba na Ringiti pia ni kambi za wavuvi, zimejaa watu na muziki, usiku hakulaliki. Rusinga ni pazuri lakini imeunganishwa na mji wa Mbita wa nchi kavu kwa daraja, gari inaingia, kwa hivyo si mbali tena, mimi naiona kama mahali pa kupitia. Ndere iko karibu na Kisumu, ni mbuga ya KWS (shirika la wanyamapori la Kenya), unaenda kuona swala na ndege alafu unarudi.

Zinabaki mbili. Takawiri ni ndogo, ina ufuo wa mchanga mweupe na miti ya jamii ya mnazi, kitu ambacho upande wetu wa ziwa ni nadra sana, na hakuna mengi ya kufanya, na hiyo ndiyo sifa yake. Mfangano ni kubwa, ina mlima Kwitutu katikati unaokaribia mita 1,700 juu ya bahari, vijiji, soko la Sena, michoro ya kale kwa mawe, na Wasuba wenyewe, kabila la hapo. Ushauri wangu, kama una siku tano gawanya, mbili Takawiri na zingine Mfangano. Kama una tatu chagua moja na usiguse ya pili, juu kila kuvuka kunakula nusu siku na wewe ulikuja kupumzika.

Alafu chagua wiki, na hapa ndio wengi wanaharibu

Usiende wikendi. Najua kazi, najua likizo ni ngumu kupata, lakini upande wa ziwa matanga ni Alhamisi mpaka Jumamosi, spika zinawekwa nje, muziki unaenda mpaka asubuhi na sauti juu ya maji inasafiri mbali sana. Ukienda Jumatatu ukarudi Ijumaa asubuhi unapata kimya karibu siku zote, unapata chumba bila kubembeleza, na bei unaeza kuongea. Desemba pia iepuke, watu wamerudi nyumbani, Rusinga kuna tamasha lao mwisho wa mwaka, boti zinajaa.

Mvua ndefu ni Machi mpaka Mei, na hapo ndio dhoruba za ziwa huwa kali. Fupi ni Oktoba kuendelea mpaka Desemba. Januari, Februari, na kutoka mwisho wa Juni mpaka Septemba ndio miezi ya kuenda.

Sasa angalia mwezi wa angani, kitu watu hawafikirii kabisa. Wavuvi wa omena (dagaa) wanafanya kazi usiku wa giza, wanawasha taa juu ya maji omena wavutwe na mwanga, mwezi ukiwa mkubwa taa zao hazina nguvu kwa hivyo wengi wanapumzika. Ukitaka kuona maji yamejaa taa usiku mpaka unafikiri kuna mji huko ng'ambo, enda wakati mwezi umepotea. Ukitaka kukaa nje usiku bila tochi na kusikia mawimbi tu, enda mwezi ukiwa mpevu. Tena kumbuka Aprili mpaka Julai huwa kuna marufuku ya kuvua omena ili wazaane, kwa hivyo miezi hiyo usitegemee zile taa.

Njia ya kufika Mbita

Zote zinapitia Mbita. Kutoka Kisumu kuna njia mbili. Ya kwanza ni matatu ya moja kwa moja, Ahero, Katito, Kendu Bay, Homa Bay, alafu Mbita, lami mpaka mwisho. Ya pili naipenda zaidi: unashika barabara ya Bondo pale Kisian, unafika Ndori, unakata kushoto mpaka Luanda Kotieno, hapo unapanda feri inayobeba watu na magari inavuka mdomo wa ghuba mpaka Mbita. Ukiwa na gari yako hii ndiyo njia, juu unaanza likizo ukiwa juu ya maji na si nyuma ya lori la mchanga. Feri ina ratiba, piga simu siku moja kabla na ufike mapema, magari yakijaa utangoja safari nyingine.

Wa Nakuru, hamna haja ya kuingia Kisumu mjini. Kericho, Awasi, Ahero, hapo mnaingia Katito na kufuata Kendu Bay. Tokeni alfajiri sana na bado mpange kulala Mbita ama Rusinga usiku wa kwanza. Najua mtu ataona ni kupoteza siku, si kupoteza, juu kuvuka jioni na mwili umechoka ndio mwanzo wa kuchukia safari yote. Hiyo jioni ya Rusinga unaeza kuitumia kuona kaburi la Tom Mboya, aliyepigwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai 1969, amezikwa hapo kwao. Na hicho kisiwa ndicho Mary Leakey alipata fuvu la Proconsul mwaka 1948, mnyama wa jamii ya nyani aliyeishi kama miaka milioni 18 iliyopita. Basi, lala.

Kuvuka: soma hii sehemu mara mbili

Kisumu umezoea ziwa lililofungwa, ile ghuba ya Winam, maji ya kahawia na gugu maji. Ukipita Mbita ghuba imeisha, Takawiri na Mfangano ziko kwa ziwa lenyewe lililo wazi, ambalo kwa ukubwa ni karibu kilomita za mraba 68,800. Maji ni safi zaidi, gugu ni kidogo, lakini mawimbi nayo ni ya ziwa kubwa.

Upepo uko hivi. Usiku nchi kavu inapoa haraka kuliko maji, hewa inatoka nchi kavu kuelekea ziwani, zikikutana huko katikati kutoka pande zote ndio mawingu ya radi yanajengeka, na ndio sababu dhoruba nyingi za ziwani ni za usiku wa manane mpaka alfajiri. Jua likipanda mambo yanageuka, nchi kavu inapata joto, upepo unatoka ziwani kuja ufuoni, kuanzia kama saa tano mchana unaongezeka na kufika saa tisa mawimbi yako juu. Katikati ya hizo mbili kuna nafasi nzuri, dhoruba ya usiku ikishaisha na upepo wa mchana haujaanza, yaani kama saa moja mpaka saa nne asubuhi. Vuka hapo. Ukiamka ukaona wingu jeusi upande wa ziwa, kunywa chai, usiulize dereva wa boti kama tutaweza, juu atakuambia tutaweza, yeye anataka nauli.

Kuna feri ya abiria na kuna boti za mbao za injini. Feri ni ya pole pole na imara zaidi, ikiwa siku yako ina feri chukua feri. Boti inaondoka ikijaa, na kujaa kwake kuna watu, magunia ya unga, kreti za soda, godoro la mtu, wakati mwingine mbuzi. Takawiri ni karibu, Mfangano ni kama saa moja na zaidi kutegemea injini na maji yenyewe.

Kabla ya kukanyaga boti angalia vitu hivi, na usione haya:

Jaketi ya kuokoa maisha, yako wewe, mkononi, si ile wanasema iko chini ya magunia. Ivae na uifunge kabla boti haijatoka, hata kama ni wewe peke yako umevaa na watu wanacheka. Angalia boti imezama kiasi gani, kama ukingo uko karibu na maji ikiwa bado imesimama, ziwani itaingiza maji, shuka ungoje nyingine. Uliza kama kuna mafuta ya akiba. Simu na pesa weka kwa mfuko wa nailoni uliofungwa vizuri. Kaa katikati, chini, na mkianza kurushwa usisimame.

Mkipanga kundi mnaeza kukodi boti nzima, na mkigawana si pesa mbaya. Elewaneni bei ya kuenda na kurudi kabla, lipeni nusu, nusu ingine mkirudi. Bei sitaandika hapa, inafuata bei ya petroli, uliza watu wawili tofauti pale Mbita na utajua.

Malazi, na maswali ya kuuliza kwa simu

Kuna sehemu za kifahari chache ambazo wageni wa ng'ambo wanaletwa na ndege ndogo, na kuna gesti za kawaida na watu wanaokaribisha nyumbani. Za kawaida zinatosha kabisa. Swali la kwanza usiulize kama kuna stima, uliza: bichi ya samaki iko umbali gani? Bichi ni mahali wavuvi wanashusha na kuanika omena, na omena ikianikwa jua la saa sita harufu yake inaingia mpaka kwa mto wa kulalia. Mimi omena naipenda kwa sahani. Sitaki kulala nayo.

La pili, chandarua kipo na hakina matundu? La tatu, maji ya kunywa na ya kuoga yanatoka wapi? La nne, chakula nani anapika na mnataka oda saa ngapi? La tano, kuna kanisa ama baa jirani? Huyo mama wa gesti akicheka kwa hilo la mwisho basi ipo. Tenti pia inawezekana, lakini omba ruhusa kwa wenyeji na kwa mzee wa kijiji, na usiipige karibu na maji, kiboko hutoka usiku kula nyasi na hana muda wa kuzunguka tenti yako.

Begi

Dogo. Nguo za mikono mirefu za jioni, kofia, mafuta ya jua (mko karibu kabisa na ikweta na mita 1,134 juu ya bahari, na maji yanarudisha jua kwa uso, hata sisi weusi tunaungua), dawa ya mbu, tochi, paua banki, dawa zako, viatu vya kupanda mlima, kitabu. Matunda na mboga beba kiasi, kule vitu vingi vinakuja kwa boti. Pesa taslimu za noti ndogo, M-Pesa inafanya kazi lakini netwaki ikilala unalala nayo. Spika ya muziki wacha nyumbani.

Siku yenyewe inakaa vipi

Siku ya kwanza usifanye kitu. Kweli. Mtu wa mjini akifika anaanza kuuliza tunaenda wapi, tunaona nini, kichwa bado kiko kwa matatu. Kaa chini ya mti. Furukombe atalia hapo juu, kichwa cheupe, utamwona akishuka na kuchota samaki kwa makucha, mnandi wako kwa jiwe wamefungua mabawa yakauke, kenge anapita kando ya maji. Ukiwa na bahati utaona fisi maji asubuhi mapema.

Chakula kinataka mpango. Asubuhi boti zikirudi enda ufuoni na mwenyeji wako, chagua ngege (tilapia) mwenyewe, macho yaking'aa na matamvua yakiwa mekundu basi ni wa leo. Mbuta (sangara) wakubwa wengi wananunuliwa na magari ya barafu kupelekwa viwandani, lakini vipande utapata. Mpe mama mpishi samaki saa mbili asubuhi na umwambie unataka wa kuchemsha ama wa kukaanga, na ugali na mboga za kienyeji, chakula cha mchana kitakuja saa nane ama saa tisa na usiulize kiko wapi. Ukiuliza kila dakika kumi hakitaiva haraka, utakuwa tu umemkosea heshima mtu mzima. Ukiambiwa kuna samaki anaitwa kamongo jaribu, kama hujawahi, nyama yake ni nzito na si kila mtu anaipenda.

Salamu. Kwa mzee unasimama, unampa mkono, "oyawore" asubuhi na "oimore" jioni, "erokamano" ukishukuru, na mama yeyote mwenye umri ni mama, usimuite kwa jina hata kama amekuambia jina. Dholuo ndiyo inasikika kila mahali, Olusuba, lugha ya Wasuba, imebaki zaidi kwa wazee wa Mfangano, ukimpata mmoja ana nafasi kaa naye, uliza mababu zao walikuja vipi kutoka upande wa Uganda, hapo jioni yote imeisha. Jioni watu wanaoga ziwani, wanaume upande wao, wanawake wao. Usielekeze kamera huko, hata kama unapiga picha ya machweo.

Siku moja, moja tu, panda. Kwitutu anza saa kumi na mbili asubuhi na kijana wa pale anayejua njia, kutoka ufuoni mpaka juu ni kama mita 550 za kupanda, magoti yatakuambia. Juu unaona ziwa pande zote. Siku ingine tembelea michoro ya mawe, ile ya Mawanga na ya Kwitone, miduara ndani ya miduara kwa rangi nyekundu na nyeupe, inasemekana ni kazi ya Watwa, wawindaji waliokaa hapo kabla ya Wasuba. Anzia makumbusho ya jamii ya Abasuba pale Ramba, wanakupa mtu wa kukuongoza na ile ada inabaki kisiwani. Haya ni mahali pa heshima, palikuwa pa kuombea mvua, kwa hivyo hakuna kugusa mchoro, hakuna kumwagia maji ati rangi itoke vizuri kwa picha, na kelele wacha chini.

Siku zilizobaki ni za kulala mchana.

Kuogelea

Hili ndilo swali kila mtu anauliza na jibu lake si tamu. Kwanza uliza wenyeji kuhusu mamba na viboko, hapo hapo, siku hiyo hiyo, si mwaka jana. Wakisema usiingie hapo, usiingie.

Pili ni kichocho. Ziwa Victoria linacho, na maji kuonekana safi hakumaanishi kitu. Vijidudu vinatoka kwa konokono wadogo wanaokaa penye matete na maji yaliyotulia, vinaingia kwa ngozi ndani ya dakika chache, na vinatoka kwa wingi jua likiwa kali, kuelekea saa sita mchana. Mahali pa mchanga mtupu penye mawimbi, kama ule ufuo wa Takawiri, hatari ni ndogo kuliko penye majani, lakini ipo. Ukiamua kuingia, na wengi wataamua, ingia asubuhi, mbali na matete na mbali na pale watu wanafulia, usikae sana, ukitoka jisugue na taulo hapo hapo usingoje jua likukaushe, ingawa taulo peke yake usiitegemee. Maji ya kuoga yaliyotekwa ziwani yakikaa saa 24 kwa ndoo iliyofunikwa bila konokono hao vijidudu wanakufa. Ya kunywa chemsha ama nunua ya chupa, kipindupindu kimeshasumbua fuo hizi mara nyingi.

Kurudi, na mambo ya wiki zinazofuata

Rudi asubuhi ile ile ya saa moja mpaka saa nne, na acha siku moja ya akiba kabla ya kurudi kazini, juu ziwa likikasirika hautatoka na hakuna bosi anaeza kulituliza. Ukikwama, agiza ngege mwingine.

Malaria kule ipo mwaka mzima. Wa Nakuru hasa, nyinyi wa baridi mwili haujazoea, ongea na daktari ama mfamasia kabla ya safari kuhusu dawa za kuzuia, na ukizianza kumbuka kuna za kuendelea kumeza hata baada ya kurudi. Homa ikija kuanzia kama wiki moja baada ya safari mpaka miezi kadhaa, usimeze panadol ukalala, enda upimwe na umwambie daktari nilikuwa visiwani.

Kama uliingia majini, kichocho kipime baada ya wiki sita mpaka nane. Mapema kuliko hapo mayai hayaonekani na ile dawa yenyewe, praziquantel, inaua minyoo iliyokomaa lakini michanga inaiacha. Ya upande wetu wa ziwa inakaa zaidi kwa matumbo, kwa hivyo wakikuambia ulete choo usishangae ukadhani wamekosea, na usikubali kupimwa mkojo peke yake.